Waliosoma nje tusiishie kwenye vyeti na picha za theluji, hizi ndo faida nilizobaki nazo mimi

MwanaLindi (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wakuu.

Kila wiki humu lazima uanzishwe uzi wa kuomba mwongozo wa skolashipu na majibu ni yale yale, andaa pasipoti, tafuta barua za profesa, kila la heri mdogo wangu. Sioni mtu anaeleza ukishafika na ukamaliza unabaki na nini wewe kama wewe, cheti ukiweka pembeni. Mtaani ndo usiseme, ukitaja umesoma nje wanawaza vitu viwili tu, ama una hela umeficha ama ulikuwa unabeba maboksi. Mimi nimefanya masta Ujerumani, mji wa Dresden, mambo ya maji, nikarudi, nipo Bongo naendelea na maisha. Hela ya kuficha sina, na maboksi nimebeba kweli, tena zamu ya usiku. Ngoja nishushe nilichokiona. Naandikia simu kwa hiyo ntaenda kwa vipande, mods naomba msiunganishe.

Tuanze na kubwa kuliko zote: kule huna mtu.

Hapa nyumbani hata uwe na hali ngumu vipi, mtu huwa unaye. Kitambulisho kimekwama, kuna shemeji yake jirani anafanya pale. Bumu (hela ya mkopo wa chuo) limechelewa, unampigia shangazi. Hosteli imejaa, mnabebana wawili kitanda kimoja mpaka mambo yatulie. Nimekua hivyo na nikamaliza digrii ya kwanza hivyo, na sikuwahi kujua kwamba maisha yangu yote kuna watu walikuwa wananifungulia milango kwa nyuma. Sasa shuka Dresden mwezi wa kumi, una begi, una namba ya chumba, basi. Sheria inakutaka ndani ya wiki 2 toka uhamie ukajiandikishe makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, na bila hicho kikaratasi mambo karibu yote yanayofuata hayasogei, kibali cha kuishi, namba ya kodi ya kukuwezesha kufanya kazi, vyote vinakisubiria chenyewe. Na huendi tu ukapanga foleni, unatafuta miadi mtandaoni, miadi imejaa, unaamka asubuhi na mapema unarifreshi ukurasa labda kuna mtu kaghairi. Hakuna wa kumpa hela ya soda, hakuna wa kumwambia "mimi mtoto wa fulani". Yule mama wa dirishani anataka karatasi 4, ukileta 3 anakwambia kwaheri na siku njema, na wala hajakasirika!

Mara ya kwanza niliona ni roho mbaya. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kuipenda ile hali. Maana upande wa pili wake ni kwamba ukileta zile 4 unapewa chako, hata kama huna jina, hata kama hiyo lugha unaiongea kama mtoto wa chekechea. Kwa mara ya kwanza kwenye maisha yangu nilipata kitu nikajua hiki nimekipata mwenyewe, hakuna mtu wa kwenda kumshukuru na kuku. Nyie mliozaliwa na koneksheni hamuwezi elewa, ila sisi tulioishi kwa hisani za watu, ile feelingi sio ya kawaida.

Nakuja na kipande kingine, nakula kwanza.

kigogo_feki

Siti ya mbele hapa, soda yangu baridi. Shusha mkuu

Mama Wawili

Hapo kwa yule mama wa dirishani nimecheka kwa sauti ofisini 😂😂 endelea kaka

JembeButu

Sawa mkuu ila tuambiane ukweli. Mimi nimesoma hapa hapa Mlimani, ofisini kwetu kuna watatu wamesoma nje, mmoja Uingereza wawili China, mshahara tunalipwa sawa na kazi tunafanya sawa, tena mimi nawazidi kwa kujua watu. Wao miaka miwili mitatu wapo nje mimi nilikuwa najenga. Sasa faida iko wapi? Kujua kupanga foleni?

MwanaLindi

JembeButu hujakosea, na kwa mshahara sina hoja ya kukupinga, ndo maana nimesema cheti tuweke pembeni. Tena na mimi niliporudi nilisaga soli kweli kweli, marafiki niliosoma nao wameshapandishwa vyeo mimi natembeza bahasha. Kama mtu anaenda nje ili akirudi alipwe zaidi yako, ajipange kisaikolojia. Uzi huu unahusu kingine.

Nikupe mfano kabisa. Wakati nahama chumba kile cha Dresden mwenye nyumba alikuwa ameshika dipoziti yangu, kule inaruhusiwa mpaka kodi ya miezi 3 bila kuhesabu joto na maji, ni hela ndefu kwa mwanafunzi. Nikamkabidhi chumba kisafi, akakaa kimya. Wiki zikaenda. Mwishowe anasema hairudi kwa sababu ukuta una madoa. Huku kwetu ningefanyaje? Ningetafuta mtu mzima wa kwenda kumuongelesha, au ningemuachia Mungu. Kule chuoni kwa wanafunzi kuna ushauri wa sheria wa bure, nikaenda, dada mmoja akanisikiliza akaniuliza swali moja tu: ulipiga picha siku unaingia? Nilikuwa nimepiga, maana nilimtumia mama aone chumba. Akaniambia basi andika barua, weka tarehe ya mwisho ya kulipwa, ambatanisha picha, tuma kwa posta ile ya kusaini. Barua nikaiandika mwenyewe, Kijerumani changu cha kuungaunga na kamusi, sentensi fupi fupi kama telegramu. Hela ikaingia karibu yote kabla ya ile tarehe, na hakukuwa na ugomvi, hakuna aliyempigia mwenzake simu ya kufokeana.

Sasa leo nipo saiti, mkandarasi ananiambia "bosi hilo tutalimaliza usijali", namjibu vizuri tu, sawa kaka niandikie kwenye imeili. Mwanzoni wananiona mjuaji. Ila saiti ninazosimamia ugomvi wa nani alisema nini haupo, kwa sababu kila kitu kimeandikwa na kina tarehe. Hilo sikufundishwa darasani, wala halimo kwenye transkripti.

JembeButu

Hiyo ya picha na barua nimekuelewa. Nina baba mwenye nyumba kakaa na hela yangu ya miezi mitatu toka mwaka juzi 😅 Lakini barua ya Kijerumani inamtisha Mjerumani, huku ukimwandikia mtu barua anakupigia anakuuliza "umefikia huko?"

Mama Wawili

"Umefikia huko" 🤣🤣🤣 yaani ndo lenyewe

MwanaLindi

😂😂 Ni kweli, huku inabidi uandike halafu uende na salamu.

Kipande cha pili, darasani. Wale mliosoma vyuo vyetu mnajua lekchara ni nani. Ukimuuliza swali la kumkosoa mbele ya watu unajitafutia sup (mtihani wa marudio), na ukidisko, yaani ukifukuzwa chuo kwa kufeli, watu watasema ulikuwa na mdomo. Nisiwasingizie wote, kuna walimu wazuri sana, ila woga tunaujua.

Dresden ni mji wa mto, Elbe unapita katikati kabisa, na mwaka 2002 mwezi wa 8 ule mto ulipanda mpaka mita 9.40, ukaingia mjini, stesheni kuu ya treni ilikuwa imeshajaa maji ya Weißeritz, mto mdogo unaoingia Elbe, majumba ya makumbusho wakawa wanahamisha michoro usiku. Mwaka 2013 ukarudi tena, mita 8.78. Kwa hiyo pale somo la mafuriko sio la kwenye vitabu, kila mzee mtaani ana stori yake, na kuna kuta zimewekwa alama maji yalifika wapi. Profesa wetu mmoja alikuwa amefanya utafiti kuhusu mafuriko hayo, na siku ya semina akatupa makala yake mwenyewe, kaandika yeye, imechapishwa, akasema wiki ijayo kila mtu aje na kasoro 2 za hii kazi.

Mimi nikaandika uchambuzi wa kumsifia 😀. Sikuwa na kasoro hata moja, ningeanzia wapi? Siku ikafika, binti mmoja wa Kivietnam, mdogo hivi, sauti ya chini, akanyosha mkono akasema jedwali la 3 halikubaliani na unachosema kwenye hitimisho, umechukua kipimo cha kituo kimoja ukakifanya cha bonde zima. Darasa kimya. Moyo ukanidunda kwa niaba yake. Yule mzee akavua miwani, akafungua makala yake akasoma jedwali, akasoma tena, akasema uko sahihi, hilo nilitakiwa nilieleze vizuri zaidi. Akaandika kwenye daftari lake. Tukaendelea na kasoro inayofuata, kama vile hakijatokea kitu.

Nilirudi chumbani sikusoma siku ile. Nilikuwa nawaza tu, yaani kumbe mtu anaweza kukosolewa mbele ya wanafunzi wake na heshima yake ikabaki pale pale? Tena ikaongezeka? Toka hapo nikaanza kujilazimisha, kila semina swali moja, hata la kijinga. Na kitu kingine, ukiwa hujui unasema sijui. Sisi tumefundwa kujibu, hata usipojua jibu chochote usikae kimya. Kule "sijui" ni jibu kamili, mtu anasema sijui, ntaangalia, na kesho anakuletea.

Nikirudi Dar mvua zikipiga Jangwani ikajaa maji, mabasi ya mwendokasi yakasimamishwa, watu wanasema ni mpango wa Mungu, mimi huwa najiuliza rekodi za Mto Msimbazi za kila siku ziko wapi na nani anazo. Pale Dresden vipimo vya mto vina zaidi ya miaka 200.

msee_wa_Nakuru

Sema bro, mimi ni Mkenya niko hapa Ujerumani sahii, na sikuja kwa uni nilikuja kama au pair, yaani unaishi na familia unawaangalilia watoto, halafu nikaingia Ausbildung ya nursing, yaani unasoma shule na unafanya kazi hospitali na unalipwa kila mwezi. Watu wa nyumbani wanadhani kusoma nje ni degree peke yake. Yule anaogopa hiyo pesa ya block account, ile ya mwaka mzima unafungia benki kabla ya visa, aangalie hii njia, lakini Kijerumani lazima, wengi wanaitisha level ya B1 ama B2, hakuna shortcut.

Na niongeze moja yangu. Mimi nyumbani nilikuwa kifunga mimba, sijawahi pika, sijawahi lipa bill. Hapa mwezi wa kwanza nilikula mkate na mayai mpaka nikachoka. Saa hii nina budget ya mwezi, najua rent ni ngapi, insurance ni ngapi, na ninatuma kitu kwa mathe. Mathe mwenyewe haamini.

Mama Wawili

Kaka wa Nakuru hongera sana 👏 Na mimi niseme la upande wa wanawake maana naona wanaume ndo mnaongea. Mdogo wangu wa kike amesoma huko huko Ulaya. Aliondoka akiwa binti wa kukaa kona ya sebule, wageni wakija anapeleka chai anarudi jikoni. Amerudi anakaa na wazee anaongea nao mambo ya kiwanja cha familia na hati, kwa adabu zote, lakini anaongea. Baba mwanzoni alikasirika. Sasa hivi kesi ya kiwanja anaisimamia yeye huyo huyo. Alikuwa ananiambia, dada, kule miaka miwili hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza naolewa lini, nilipata muda wa kuwaza. Wenye mabinti mfikirie hilo.

Pemba2Ankara

Assalam alaykum. Sie wa Uturuki vipi, hatumo? 😄 Mie nilienda kwa skolashipu ya serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, mwaka wa kwanza wote ni lugha tu ndo unaingia kwenye fani. Ada wanalipa, bweni wanakupa, posho ya mwezi ipo, tiketi ya kwenda na ya kurudi ukimaliza juu yao. Kwa hivyo mwenye kulia sina milioni za kuweka benki, asikae akalia na Ujerumani.

Ila faida mie nilioiona ni hio hio ya lugha. Wallahi mtu mzima na ndevu zako unakaa darasani unafundishwa "hii ni kalamu". Unakwenda sokoni unataka ndimu hujui ndimu ndo nini kwao, unachora kwa mkono. Unaonekana mjinga kila siku ya Mungu mwaka mzima. Yakishapita hayo huogopi tena kitu kipya. Nlirejea nyumbani nkaingia biashara ambayo sikuwa naijua kabisa, wenzangu wananambia huoni haya kuuliza uliza? Haya nliziacha Ankara.

kigogo_feki

"Haya nliziacha Ankara" naiba hii naweka status

MwanaLindi

Waalaykum salaam sheikh. Hapo umenimaliza, hiyo ya kuonekana mjinga nilitaka kuiandika na umeshaisema vizuri kuliko mimi. Kuna jamaa zangu walienda China pia kwa skolashipu ya serikali yao, ukienda kwa kozi ya Kichina nao mwaka wa kwanza ni lugha kwanza, stori ni hiyo hiyo.

Mimi masta yangu ilikuwa kwa Kiingereza kwa hiyo darasani nilipona, lakini dukani, kwa daktari, kazini ghalani, Kijerumani. Ile zamu ya usiku tulikuwa tunapakia mizigo, bosi wa zamu ni Mpoland, mwingine Msyria, mwingine mzee wa pale pale Saxony ambaye lafudhi yake hata Wajerumani wenzake wanalalamika. Saa nane usiku mnapumzika dakika 30, kahawa ya mashine, pale ndo nilijifunza lugha. Yule Msyria alikuwa mfamasia kwao. Anapakia maboksi na mimi, mchana anasomea mitihani ya kutambuliwa cheti chake. Nikilalamika baridi ananiangalia tu, hasemi kitu. Kwa hiyo wanaodharau boksi sijui wanadharau nini, kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, na toka Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, hela ya kula na kodi inapatikana bila kumuomba mtu.

binti_wa_Iringa

Samahani kaka, nimefuatilia uzi wote. Vipi kuhusu ubaguzi? Na upweke? Maana mnaongea mazuri tu.

MwanaLindi

Swali zuri dada, nisikudanganye. Ubaguzi upo. Mara nyingi haukuji kwa matusi, unakuja kwa kiti cha pembeni yako kwenye tramu kubaki wazi wakati watu wamesimama, au unapiga simu kuulizia chumba wanasikia lafudhi, chumba "kimeshachukuliwa". Matusi nayo nimewahi kutukanwa, na mlevi. Unajifunza kipi cha kujibu kipi cha kupita, na unajifunza kwamba wapo pia watu wa kule kule watakaosimama na wewe. Mwenye chumba nilichopata baadae alikuwa bibi wa miaka 70 na kitu, mwalimu mstaafu, aliyenifundisha kutenganisha taka mpaka nikaota ndoto za taka.

Upweke ndo mbaya zaidi kwangu. Desemba jua linazama saa kumi jioni, Jumapili maduka yamefungwa, mtaani kimya kama msiba. Hakuna jirani wa kuja kuomba chumvi. Niliokolewa na Wacameroon, wale jamaa wako wengi sana kwenye vyuo vya Ujerumani na wana umoja wa ajabu, ukiwa mweusi tu basi wewe ndugu, wana makundi ya kusoma, wana mitihani ya nyuma ya miaka mingi wanarithishana. Na umuhimu wa hiyo mitihani ni kwamba vyuo vingi kule ukifeli somo la lazima mara ya 3 unaondolewa, na kozi hiyo huisomi tena Ujerumani. Kwa hiyo jioni tunapika wali, tunasoma, tunabishana mpira, nikaelewa Afrika kwa mara ya kwanza nikiwa Ulaya. Kabla ya hapo kwangu Afrika ilikuwa Tanzania na Kenya, na Simba wakicheza ugenini.

Lakini kama una mtu mwenye msongo wa mawazo toka nyumbani, usimshauri aende akidhani ataponea huko. Kiza kile kinazidisha.

JembeButu

Haya nimelegea kidogo. Ila Mlindi unajisahau, hujasema kitu kuhusu mjusi wenu 😂

MwanaLindi

Hahaha nilikuwa nakuja huko, umeniwahi.

Kwetu Lindi kila mtoto amesikia habari za mjusi mkubwa, yaani dinosaria, aliyechukuliwa na Wajerumani. Alitolewa Tendaguru, kilima cha kwetu. Mimi niliichukulia kama hadithi za bibi na sungura. Sasa siku moja likizo nikapanda treni mpaka Berlin, karibu masaa mawili, nikaingia makumbusho ya elimu viumbe, Museum für Naturkunde. Unaingia tu ukumbi wa kwanza, huyo hapo. Mita 13 na sentimita 27 kwenda juu, shingo inakaribia dari la vioo, inabidi urudi nyuma ndo uone kichwa. Watoto wa shule wa Kijerumani wamekaa chini na madaftari wanachora. Na kwenye maelezo: Tendaguru, Tansania.

Mwili ulinisisimka. Nikaanza kusoma kila kibao. Walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, yaani Vita vya Majimaji vimeisha juzi tu 1907, kusini yote ina makaburi na njaa, halafu mamia ya watu wa kwetu wanachimba mifupa na kuibeba kichwani na mabegani siku kadhaa za kutembea mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200! Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani, ndo alikuwa anajua mfupa unatolewaje ardhini bila kuvunjika. Niliwahi kumsikia shuleni? Hapana. Nimesoma historia mpaka kidato cha nne, nilikariri Mkutano wa Berlin 1884 mpaka 1885 na nchi zilizohudhuria, lakini mtu wa Lindi aliyesimamia kazi kama ile simjui, nimeenda kumjulia Berlin kwa tiketi.

Nilimpigia babu video. Babu akatazama akauliza swali moja: wanalipisha kuingia? Nikamwambia ndio. Akacheka mpaka akakohoa.

Mambo ya arudishwe asirudishwe tutabishana uzi mwingine. Ila nilirudi chumbani nikatafuta kila kitu kuhusu kusini kwetu, na likizo iliyofuata niliporudi nyumbani nilikaa na babu wiki nzima naandika anachosimulia. Nisingekaa naye. Ningekuwa Dar nakula bata.

Mama Wawili

"Wanalipisha kuingia" 😂😂😂 babu mfanyabiashara

Pemba2Ankara

Babu kauliza swali la maana kuliko maprofesa wote

kigogo_feki

Na Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha wa mambo ya Majimaji. Mjusi hakuja naye lakini

dogo_transkripti

Wakuu shikamooni. Uzi mzuri sana ila mimi nataka kwenda kabisa. Nina GPA ya 3.4, uhandisi. Naambiwa Ujerumani chuo ni bure, ni kweli? Na kwa GPA yangu napata au nijipe moyo tu?

MwanaLindi

Marahaba dogo. Vyuo vya serikali vingi havina ada, unalipa mchango wa muhula tu, mara nyingi una tiketi ya usafiri ndani yake. Ila jimbo la Baden-Württemberg wanatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na kuna vyuo vingine vichache vimeanza kutoza, kwa hiyo usiamini neno "bure" mpaka usome tovuti ya chuo chenyewe. Kinachoua wengi ni ile akaunti ya kufungia hela, Sperrkonto, kwa sasa ni euro 11,904 za mwaka mzima, zaidi ya milioni 30 za kwetu, unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Hela ni yako lakini lazima iwepo kabla ya viza. Ukipata skolashipu ya DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi) au nyingine ya uhakika, hiyo unaikwepa.

GPA sasa. Kule alama ya juu kabisa ni 1.0 na ya chini ya kufaulu ni 4.0, kinyume chetu, watu wanaona 1.3 wanalia kumbe ni moto. Wanabadilisha kwa fomyula: 1 jumlisha 3 mara (alama ya juu toa yako) gawanya kwa (alama ya juu toa ya chini ya kufaulu). Kwa vyuo vyetu ambavyo juu ni 5 na kufaulu ni 2, ukiikokotoa inakuwa rahisi tu, chukua 6 toa GPA yako. Wewe 6 toa 3.4 unapata 2.6.

dogo_transkripti

Duh nilikuwa nalipia mtu anikokotolee. Sasa kozi ninayoitaka wameandika wanataka 2.5 😭

MwanaLindi

Umekosa kwa unywele. Kuna kozi 2.5 ni ukuta, hawasikii. Kuna nyingine wanaangalia na uzoefu wa kazi na masomo ya mwaka wa mwisho. Nyingi unaomba kupitia uni-assist, ofisi inayopokea na kukagua maombi kwa niaba ya vyuo, euro 75 ombi la kwanza na 30 kila la ziada muhula huo huo, na hairudi ukikataliwa. Kwa hiyo kabla hujalipa mwandikie mratibu wa kozi, jina lake lipo kwenye tovuti, mistari mitano tu, wewe ni nani, GPA yako ikigeuzwa ni 2.6, umefanya kazi gani, je niombe? Atakujibu hata kama ni hapana. Ila usiandike Ijumaa jioni ukakaa unasubiri.